PISHI NGAPI KATIKA GUNIA?

(Mada iliyosomwa baada ya sala ya Alasiri katika msikiti mmoja wa wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, wakati wa mavuno)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeinua mbingu na akaweka mizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu zetu Waislamu, wazee wetu, akina mama mlioko nyuma ya pazia, na vijana. Mada yetu ya leo inaanza na kopo.

Kopo lenyewe mnalifahamu. Limekaa katika stoo ya msikiti huu miaka mingi, na kila inapokaribia Idi hutolewa, likapanguswa vumbi, na watu wakapimia zaka ya fitri: makopo mawili kwa kila kichwa, na mtu akahesabiwa kuwa ametoa pishi yake. Nani alilileta, na nani alisema kwamba mawili yake ni pishi, hapana aliyekumbuka. Tulilirithi, tukaliamini. Ramadhani iliyopita mtoto mmoja wa madrasa alituuliza, "Ustadhi, kopo hili ni vibaba vingapi?" Tukanyamaza. Tukachukua chupa ya maji ya nusu lita, tukaanza kulijaza kopo mbele ya watoto. Lilichukua chupa mbili na kidogo, yaani lita moja na sehemu moja ya kumi. Makopo mawili, basi, ni lita mbili na mbili ya kumi.

Ama pishi ya Mtume (S.A.W.), ile iitwayo saa kwa Kiarabu, wanazuoni wa zama zetu waliofanya kazi ya kuikadiria kwa vipimo vya leo, miongoni mwao Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha fiqhi ya zaka, wameiweka katika lita 2.75. Hizo ni chupa tano na nusu za nusu lita. Sisi tulikuwa tukitoa chupa nne na kitu kidogo. Ilipungua sehemu moja katika tano. Maana yake ni kwamba nyumba ya watu watano ilidhani imetoa pishi tano, kumbe imetoa nne, na yule masikini aliyesubiri nje ya mlango huu alikuwa akipokea fungu ambalo kila kichwa cha tano kimekatwa, wala hajui, wala mtoaji hajui.

Tulilitangaza jambo hilo siku ya pili, kwa aibu, na tukawaomba wenye uwezo wakamilishe upungufu wa mwaka huu kabla ya sala ya Idi. Wengi walikamilisha, Allah awalipe. Lakini mzee wetu mmoja alisimama akasema kwa uchungu, "Wanangu, mimi nimepimia kopo hilo tangu ndevu zangu nyeusi. Leo mnaniambia nilikuwa napunja?" Tukamjibu, "Mzee wetu, wewe hukupunja. Kopo ndilo lililopunja, na sisi tulioliweka stoo bila kulipima ndio wa kuulizwa." Akakaa. Kisha, baada ya muda, akauliza swali ambalo ndilo limezaa mada hii: "Basi na gunia nalo? Mmetufundisha kuwa zaka ya nafaka haianzi mpaka gunia saba. Mimi mwaka huu nimepata gunia sita za mtama. Hizo sita zangu ni sita za nani?"

Ndugu zetu, sote tunaijua methali ya haba na haba hujaza kibaba. Tunaisema kwa watoto ili wawe wavumilivu. Yamkini hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kibaba chenyewe kina ukubwa gani.

Hebu tupande ngazi hii taratibu, kutoka chini. Ngazi ya chini kabisa ni mudi, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikusanywa pamoja na kujazwa nafaka. Mudi nne ni saa moja. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ngazi iliyokaribiana nayo sana: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo vibaba vinne ni pishi. Ndiyo maana mashekhe waliotutangulia walipofasiri saa kwa Kiswahili hawakupata tabu, waliita pishi, na watu wakaelewa. Juu ya saa kuna wasaki, mzigo wa ngamia, nao ni saa sitini. Pwani nako walikuwa na jizla, nayo ilikuwa pishi sitini. Mtume (S.A.W.) akatufundisha kuwa hakuna zaka katika nafaka isiyofika wasaki tano. Tano mara sitini ni pishi mia tatu. Pishi mia tatu ni vibaba elfu moja na mia mbili. Hiyo ndiyo nisabu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Imamu Abu Hanifa yeye hakuweka kiwango cha chini, aliona zaka inalazimu katika kichache na kingi.

Tulijaribu ile ya viganja katika madrasa. Mtoto akajaza pishi kwa viganja saba. Fundi wetu wa matofali, ambaye mikono yake mnaijua, akaijaza kwa vitatu na akataka kuendelea. Watu walicheka, lakini hapo ndipo ilipo hekima ya kusema mtu wa wastani, na hapo ndipo ilipo hatari ya kila kipimo ambacho mwenye nguvu anakichagua mwenyewe.

Sasa tushuke kwenye vyombo vyetu. Hapa Singida hatupimi kwa pishi. Tunapima kwa sado, kwa debe, kwa ndoo na kwa gunia. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne. Tano zake zinajaza ndoo ya lita ishirini. Ama debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, na galoni nne hizo ni lita kumi na nane na kidogo. Ndoo ya plastiki iliyokuja baadaye ni lita ishirini. Ulimi wetu umeziita zote mbili debe, na ulimi ukishaviita vitu viwili kwa jina moja, mjanja hupata mlango. Anunuaye kwa ndoo na kulipa bei ya debe anazidisha karibu lita mbili kila mara. Katika ndoo kumi anaondoka na debe moja zima ambalo hakulilipia. Hapo bado hatujazungumzia ndoo zilizopashwa moto zikatanuliwa, wala kilele kinachowekwa juu ya mdomo wa chombo mpaka nafaka ianze kumwagika, wala yule kijana anayeipiga ndoo teke mara tatu ili nafaka ishuke na nafasi ipatikane.

Kipimo cha sharia ni cha mfuto. Unajaza, unapitisha kijiti juu ya mdomo, kinachobaki ndicho kipimo. Hiyo haihitaji elimu kubwa, inahitaji kijiti.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Pishi mia tatu kwa lita 2.75 ni lita mia nane na ishirini na tano. Kwa ndoo za lita ishirini, za mfuto, ni ndoo arobaini na moja na robo. Kwa gunia la ndoo sita, ambalo ndilo gunia tulilolizoea tangu zamani, ni gunia saba kasoro kidogo. Kauli yetu ya gunia saba, basi, ilikuwa na msingi. Haikuwa na kosa ila moja, nalo ni kubwa: tulisema gunia bila kusema la ndoo ngapi.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mzee. Gunia zake sita zilikuwa tayari zimeshonwa zikisubiri lori la mnunuzi, na kila moja lilikuwa na kile kichwa kilichoshonewa kipande cha gunia jingine juu yake, yaani lumbesa. Tukatandika turubai, tukafungua la kwanza, tukapima kwa ndoo tuliyoijaribu kwa maji, chupa arobaini za nusu lita, na mzee mwenyewe akashika kijiti. Ilipofika ndoo ya sita wajukuu wake wakadhani tumemaliza. Gunia lilikuwa bado limesimama. Lilitoa ndoo nane. Tukafungua la pili, nalo nane.

Gunia sita za ndoo nane ni ndoo arobaini na nane. Hizo ni lita mia tisa na sitini, yaani pishi mia tatu na arobaini na tisa. Mzee ambaye kwa hesabu ya gunia alikuwa hajafikia nisabu, kwa hesabu ya pishi alikuwa ameivuka kwa karibu pishi hamsini. Na kwa kuwa shamba lake linanyweshwa na mvua ya Allah bila gharama ya umwagiliaji, haki ya masikini ndani yake ni sehemu moja ya kumi: ndoo nne na sado nne. Anayemwagilia kwa gharama angetoa nusu ya hiyo, moja ya ishirini.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha hakuuliza habari ya zaka. Aliuliza, "Kwa hiyo huyu wa lori angenichukulia ndoo ngapi?"

Hesabu ile ile ndiyo inayojibu. Tuseme gunia ni shilingi elfu sitini, kwa mfano tu. Mnunuzi analipa gunia sita, shilingi laki tatu na sitini elfu. Lakini ndoo arobaini na nane, zikifungwa sita sita, ni gunia nane, shilingi laki nne na themanini elfu. Gunia mbili nzima zilikuwa zimefichwa katika vichwa vya gunia sita. Mzee angepoteza laki moja na ishirini elfu, na huku angejiona hakufikia nisabu. Chombo kimoja kilichojazwa kupita kiasi kilikuwa kinawapunja watu wawili kwa pamoja, mkulima upande huu na masikini upande ule, na mzee wetu alikuwa amesimama katikati akidhani yuko salama pande zote mbili.

Ndugu zetu, Sura ya 83 katika Qur'ani imepewa jina la wapunjaji, na inaanza nao. Aghalabu tunapoisoma tunamfikiria muuza duka anayepunguza. Lakini tuangalie inavyoanza kuwaeleza: sifa yao ya kwanza ni jinsi wanavyopokea, namna wanavyodai kujaziwa wanapochukua kwa watu; kupunguza wanapotoa kumekuja baadaye. Mwenye lumbesa hasemi uongo juu ya bei. Anasema bei ya kweli, kisha anaitandaza juu ya chombo kisicho cha kweli. Na watu wa Madyan alikotumwa Nabii Shuaib (A.S.) hawakuwa wezi wa usiku, walikuwa wafanyabiashara kando ya njia ya misafara. Sisi nasi tuko kando ya barabara kuu, na malori yanapita mchana.

Serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, Wakala wa Vipimo yupo, na ufungashaji wa mazao ya shamba unaozidi kilo mia moja umekatazwa. Mtama wa ndoo nane unavuka kilo mia moja bila shaka. Lakini tusiitegemee kilo mia moja peke yake, hasa sisi watu wa alizeti. Alizeti ni nyepesi, ganda na hewa ni nyingi. Ndoo nane za alizeti hazifiki kilo mia, kwa hiyo lumbesa ya alizeti inaweza kupita mbele ya mizani bila kuguswa na huku mkulima amepunjwa ndoo mbili kamili. Dawa yake ni kuuza kwa kilo, si kwa gunia, na kusimama mbele ya mizani mpaka sindano itulie.

Ama vitunguu, vyenyewe havifai kabisa kupimwa kwa chombo. Wenye mashaka wafanye jaribio hili: jazeni ndoo kwa vitunguu mpaka juu, kisha mwage uwele taratibu. Mtashangaa. Uwele utashuka katika nafasi zilizo kati ya kitunguu na kitunguu, na ndoo ambayo mlidhani imejaa itapokea zaidi ya sado moja nzima, karibu na mbili. Ile ilikuwa hewa. Anayeuza na anayenunua kwa ndoo ya vitunguu wote wawili wanakisia, na katika kukisia hushinda yule aliyezoea. (Kuhusu zaka ya vitunguu na alizeti, wanazuoni wamehitilafiana, na mada hiyo tumeahidi kuileta peke yake, in shaa Allah.)

Kuna ndugu watauliza: mbona masheikh wengine wanataja kilo, na kilo zenyewe hazilingani? Sheikh Ibn Uthaymin alikadiria saa kwa ngano nzuri kuwa kilo mbili na gramu arobaini, na nisabu ikawa kilo 612. Sheikh Qaradawi akapata kilo 2.176, na nisabu kilo 653. Wengine katika fitri hutaja kilo mbili na nusu, au tatu. Hitilafu hii isiwatie shaka. Saa ni chombo, haikuwa jiwe la mizani, na chombo kimoja hubeba uzito mbalimbali kwa kadiri ya kilichomo. Na wanaotaja kilo mbili na nusu au tatu katika fitri, sisi tunaona wamechukua tahadhari ili masikini asipungukiwe. Lakini tahadhari hiyo hiyo ukiibeba ukaiweka katika nisabu ya mavuno inageuka. Nisabu inapanda, wanaotoa wanapungua, na masikini uliyemkinga wakati wa Idi unamnyima wakati wa mavuno. Katika nisabu tubaki na pishi mia tatu za chombo.

Na mwenye kuona haya kubadilisha kipimo alichokikuta kwa wazee wake, amkumbuke Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa na kadhi wa Khalifa Harun ar-Rashid. Watu wa Iraki walikuwa wakihesabu saa kuwa ratili nane. Abu Yusuf alipofika Madina akauliza juu ya saa, na wakaja wazee wapatao hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja ameficha chombo ndani ya vazi lake, kila mmoja akieleza kuwa amekirithi kwa baba yake au jamaa zake tangu zama za Mtume (S.A.W.). Akavipima. Vilikuwa sawasawa, ratili tano na theluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake, naye alikuwa akimpenda mwalimu wake. Hakusema kuwa Wairaki walikuwa waovu. Alikuta chombo cha kweli, akakifuata. Lau vyombo vile hamsini vingetofautiana, leo tusingekuwa na la kusema.

Turudi kwa mzee wetu. Alifungua gunia zote sita. Alitoa ndoo nne na sado nne siku ile ile, zikagawiwa katika kaya tatu ambazo hatutazitaja. Iliyobaki akaifunga upya katika gunia saba za ndoo sita, ikabaki ndoo moja na sado moja, akasema hiyo ni ya uji wa wajukuu. Lori lilipofika, mnunuzi aliziangalia zile gunia zilizonyooka juu, akasema hanunui gunia zilizonyolewa. Akaenda kwa jirani, na jirani akamuuzia lumbesa. Mtama wa mzee bado uko ndani.

Hapo ndipo tulipofika, na hatutaki kuwadanganya kuwa jambo hili ni jepesi. Mkulima mmoja akifunga gunia la haki peke yake, anakaa na gunia lake. Kijiji kizima kikifunga la haki, lori haliwezi kurudi tupu mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo Jumamosi hii baada ya Alasiri kila mwenye nyumba aje na ndoo yake na kopo lake hapa uwanjani. Chupa za maji zitakuwepo, tutavipima vyote, na kila kilicho sawa tutakitia alama ya rangi nyekundu mdomoni. Wenzetu wasio Waislamu nao wamealikwa, kwa kuwa lori halibagui. Pishi mpya ya msikiti, ya chupa tano na nusu, imekwishatengenezwa na fundi bati na itatundikwa mlangoni, pamoja na kijiti chake. Lile kopo la zamani tumelitoboa tundu chini ili lisipime tena. Watoto wa madrasa wanalitumia kumwagilia mche wa mwarobaini.

Mzee ameomba yeye ndiye ashike kijiti.

Wabillahi tawfiiq.